Mbegu Mbichi za Garas

Kwenye sherehe ya kuniaga mlinipa kipaza sauti, nikasema "Asanteni, Mungu awabariki," nikaketi. Mlidhani machozi yamenibana. La. Niliona sinia za pilau zikiingia, na sijapata kuona mtu anayesikiliza hotuba mbele ya pilau. Kwa hiyo nimeandika. Mmoja wenu asome kwa sauti baada ya kumwagilia, na wengine waendelee kujaza udongo, maana mifuko ya miche haijijazi yenyewe.

Sitasema nilipandishwa cheo lini wala nimestaafu na nini. Hayo yamo kwenye faili ofisini, na tangu nizaliwe sijaona faili likichipua. Nitasema habari za mbegu, hasa mbegu moja iliyonitoa jasho kuliko zote, ambayo mwishowe niliishinda. Ndiyo, niliishinda. Mtu aliyestaafu ana haki ya kujisifu kidogo, na mimi sina nia ya kuiacha haki hiyo ilale bure.

Nilifika kitaluni Garissa nikiwa msichana wa Kipokomo kutoka mashamba ya chini ya mto. Kwetu ukitupa kokwa la embe nyuma ya jiko, baada ya muda unalaumiwa kwa kuziba njia. Basi nilijiona mtaalamu. Aliyenipokea ni Bwana Noor, msimamizi wa kitalu, mtu wa Habaswein, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ngamia walio mbali. Herufi p ilimkimbia maisha yake yote, kama mimi Kisomali kilivyonikimbia miaka ya mwanzo. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bwana Noor hakungoja hata chai. Alinipa chekeche na kunionyesha rundo la samadi.

"Wewe Mbokomo najua kubanda ndizi," aliniambia. "Huku habana ndizi. Huku iko miba tu. Chekecha."

Asubuhi iliyofuata alinipeleka kwenye boma la mbuzi la jirani, akanipa ufagio, akaniambia nizoe mavi pale mbuzi walipolala. Niliapa moyoni kwamba mtu huyu ananifanyia utani wa Wasomali na Wapokomo, na kwamba jioni nitapanda gari nirudi kwa mama. Kumbe ndani ya yale mavi mlikuwa na mbegu za mgunga, ambao yeye aliuita qurac. Mbuzi hula maganda yake, tumbo lake hulainisha lile gamba gumu, na asubuhi mbegu hutoka tayari kwa kazi. Nilizipanda nikiwa nimenuna. Zilichipua kabla ya zile nilizozimwagia maji moto kwa ustadi wangu wote, na hasira ikaniisha.

Mengi ninayowafundisha yalitoka kwake. Usichume mbegu kwenye mti mmoja hata ukiwa mzuri namna gani. Zunguka, chuma kwa mingi, kwa sababu miche ya mama mmoja hufa kwa ugonjwa mmoja. Usiokote zilizoanguka zamani, mdudu amekutangulia. Kabla ya kupanda gunia zima, kata mbegu chache kwa wembe uone ndani: ikiwa nyeupe na imejaa, panda, ikiwa unga, lisha kuku. Chuma hapa hapa kwetu, usiagize za mbali, kwa sababu mti uliozaliwa kwenye baridi ya watu ukiletwa Garissa hufa mwezi wa pili kwa mshangao. Na sheria yake kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mbegu ni ile iliyokauka. Ianike kivulini mpaka igongane mkononi, changanya na jivu, funga. Sheria hiyo ilinifaa kwa kila mti niliowahi kuugusa, isipokuwa mmoja.

Mti huo uliletwa na Eddo Saadia. Eddo ni shangazi kwa Kisomali, na ndivyo tulivyomwita sote, ingawa hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa mfugaji wa Kotile, mwanamke mfupi mwenye macho ya kukagua. Alikuja mjini na mbuzi wa mnadani, akasikia kuna watu wanaotoa miche, akaingia langoni bila kubisha. Bwana Noor akampa mwarobaini. Aliushika kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani, akaurudisha chini.

"Mimi nataka garas," alisema.

Garas mnaijua, Waswahili wa pwani wanaiita mkupa. Lakini hamkuijua kama alivyotueleza yeye siku ile, amechuchumaa kati ya matuta. Jua likikaza mpaka nchi nzima ikawa rangi ya majivu, garas inabaki kijani. Chini yake mbuzi wanasimama mchana wasife. Ngamia wanakula majani yake. Maziwa yakikatika, wanawake wanachemsha mbegu zake na watoto wanalala wameshiba. Kotile walibaki na garas za kale tu. Moja ilikuwa imeanguka mwaka huo, nyingine ilikuwa inakauka upande mmoja, na kila mche uliojaribu kuota uliliwa na mbuzi wale wale waliokuja kutafuta kivuli.

"Mimi iko na wajukuu," Eddo Saadia alisema. "Garas yetu habana hata mtoto moja. Hizi zikikufa, sisi tutahama Kotile, haturudi. Wewe abaay, nitengenezee mtoto ya garas."

Abaay ni dada. Aliniambia mimi, si Bwana Noor, pengine kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeacha kazi kumsikiliza. Nikasema, "Nitakutengenezea." Alipoondoka, Bwana Noor aliniuliza kama nimewahi kuona mche wa garas kwenye kitalu chochote. Nikasema sijawahi. Akasema hata yeye hajawahi, na hajui aliyewahi. Ahadi ni deni, na mimi nilikuwa nimeitoa kwa wepesi wa kuvunja kijiti.

Gunia la kwanza la mbegu, lililochumwa na wanawake wa Kotile, lilikuja na lori la mchanga, limeshonwa vizuri. Ndani mbegu zilikuwa safi, zimeoshwa, hazina hata uzi wa nyama ya tunda. Nikawasifu sana wale wanawake. Nikazipanda. Nilimwagilia, nikaweka kivuli, nikangoja. Hakuna kilichotoka. Nilipofukua, nilikuta uji. Msimu mwingine likaja gunia jingine, safi vile vile, nikajaribu mchanga mtupu, nikajaribu kukwaruza, nikajaribu kuloweka. Uji. Wenzangu wakaanza kuniita Mama Uji, na jina likashika mpaka sokoni.

Nilipokuwa napanda gunia la tatu ndipo Bwana Noor alipochukua mbegu moja akaipasua kwa wembe, akaitazama, akainusa, akaitia mdomoni. Akatafuna. Nikamwona uso unabadilika. Nilidhani ni sumu. Alikaa chini kwenye wilbaro, akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Wewe Mbokomo," alisema, akifuta macho. "Hii imebikwa. Imebikwa fizuri kabisa. Inataka chumvi tu."

Nilikuwa nimepanda chakula misimu mitatu.

Tulikwenda Kotile kuuliza. Eddo Saadia mwenyewe alikuwa akihama na mifugo kila msimu wa kuchuma, na kazi aliwaachia wakaza wanawe. Aliwaita mbele yetu. Wakaeleza bila haya yoyote, kwa sababu hawakuona kosa. Garas mbichi huumiza tumbo. Huchemshwa tangu asubuhi, maji yakimwagwa na kubadilishwa tena na tena, na harufu yake Mungu ndiye anayeijua. Kumpa mtu garas mbichi ni kumwambia "ufe." Nani angemtumia mgeni wa mjini, tena Mpokomo asiyejua kuipika, gunia zima la mbichi? Walikuwa wameteketeza kuni za wiki nzima kwa heshima yangu.

"Lakini mliambiwa ni ya kupanda," nilisema.

"Tuliambiwa," alijibu mkubwa wao. "Lakini gunia nabita kwa dereva, nabita kwa watu ya duka. Mtu moja akifungua akikula? Watasema nyumba ya Saadia nauwa watu."

Eddo Saadia alijifunika uso kwa shela yake. Nilidhani analia kwa aibu, kumbe alikuwa anacheka kama Bwana Noor, na muda mfupi baadaye boma zima lilikuwa linacheka, na mimi nikiwemo. Ningewakasirikia vipi? Katika kazi yangu yote sijawahi kuharibiwa mbegu kwa adabu kubwa kiasi kile. Tangu siku ile, kabla ya kuagiza mbegu kwa watu, huuliza kwanza wanaifanyia nini nyumbani kwao. Nanyi ulizeni.

Basi zikaja mbichi. Nikazianika kivulini mpaka zikagongana mkononi, kama sheria ilivyosema, na hazikuota hata moja. Safari hii sikuwa na mtu wa kumcheka. Nilipoletewa nyingine chache mbichi, nikawa nazipasua kwa wembe, kidogo kila asubuhi. Nikaona jambo. Ile iliyotoka karibuni kwenye tunda ilikuwa na kiini kijani kibichi, na kadiri ilivyokauka ndivyo kiini kilivyogeuka hudhurungi, mpaka kikafa. Garas haina subira ya kuwekwa. Kuikausha ni kuiua. Nilimwambia Bwana Noor kwamba sheria yake kubwa ina tundu, nikangoja ngurumo. Alikaa akizipanga zile nusu za mbegu kwenye kiganja, mbichi hadi kavu.

"Basi nenda wewe," alisema. "Usingoje gunia."

Ningekwenda lini? Garas haizai vizuri kila mwaka. Nilingoja, nikafanya kazi za miti mingine, nikaolewa, nikazaa. Halafu siku moja dereva wa lori akaniletea ujumbe wa Eddo Saadia: garas imejaa, njoo upesi, na ujiandae. Kule wanajua kwamba garas ikibeba matunda mpaka matawi yakainama, jua kali liko nyuma yake. Nilipofika kwa pikipiki, na jerikeni niliyoikata juu na kuijaza mchanga wenye unyevu, watu walikuwa wanavunja nyumba na kufunga vitu kwenye punda. Walikuwa na kila sababu ya kuniambia nirudi mwaka mwingine. Badala yake Eddo Saadia alifungua mzigo uliokwisha kufungwa, akatoa sinia, na wanawake wakaketi nami wakikamua matunda na kusugua mbegu kwa mchanga, huku punda wakilalamika juani. Mbegu zikaingia kwenye jerikeni moja kwa moja, mbichi, bila hata kupigwa na upepo. Nikarudi Garissa nimeikumbatia ile jerikeni kama mtoto mwenye homa.

Ziliota. Nilipoona mgongo wa mche wa kwanza umeinua mchanga nilipiga ukelele, Bwana Noor akaja mbio na panga akidhani ni nyoka. Alipiga magoti. Alisema "Mashallah" kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo. Kisha akaongeza, kwa sauti ya kawaida, "Usiguse."

Garas ni mjanja. Juu unaona vijani viwili, chini mzizi umeshatoboa mfuko na unaelekea kwa wazee wake. Mfuko wa kawaida huukunja mzizi, na mzizi uliokunjika hausahau. Nilikata mifuko mirefu, inayofika gotini, wazi chini, nikaichimbia handaki isimame. Mnaitumia mpaka leo na kulalamika kwamba inakula udongo. Inakula, ndiyo.

Na jua likaja, kama wazee walivyosema. Mvua za masika zikapita pembeni, na za vuli hazikujisumbua kabisa. Tana ikajivuta mpaka pampu yetu ikawa inanyonya tope na kukohoa. Tulikuwa na miche ya shule na ya misikiti iliyoagizwa, na Bwana Noor aliamua kwamba maji yaliyopo ni ya miche hiyo. Tuligombana mbele ya wafanyakazi wote.

"Hiyo garas si ya ofisi," alisema. "Ni ahadi yako."

"Basi nitainywesha kwa mkono wangu," nilimjibu, na hasira ilinipa nguvu ambazo sikuwa nazo.

Kila jioni baada ya kazi niliteremka genge la mto na jerikeni, jicho moja kwenye maji na jingine kwa mamba, nikapanda nayo. Miche mingine ilikufa pamoja na juhudi zangu. Niliogopa. Nilikuwa namwona Eddo Saadia huko alikohamia, anauliza kila dereva, na mimi sina cha kumjibu. Kotile garas ya pili ilikuwa imeanguka, nilishasikia. Asubuhi moja nilifika mapema nikakuta handaki la garas limelowa. Nikamtafuta Bwana Noor. Alikuwa anakunywa chai, na kandambili zake zilikuwa na tope la mtoni mpaka kwenye kamba.

"Nimebita tu," alisema, bila kuulizwa.

Siku ile nilimpenda kama baba yangu. Tangu hapo tukawa wawili kwenye lile genge, na hakuna mche mwingine uliokufa.

Mvua iliporudi, ilirudi kwa fujo, barabara ikawa mto na mto ukawa bahari. Tulingoja ipungue, tukapakia lori. Kotile watu walikuwa wamerejea, wembamba, na mifugo michache. Eddo Saadia hakunisalimu kwanza. Alizunguka nyuma ya lori, akahesabu kwa macho, akashika jani moja kati ya vidole viwili. Ndipo akanishika shingoni akalia waziwazi, na mimi nikalia, na dereva akageuza uso akajifanya anakagua matairi.

Tulichimba kwa mtaimbo, mashimo marefu na membamba. Kila nyumba ilichukua mche wake na kuuzungushia ua wa miiba mzito ambao hata mbuzi wa Kotile angeufikiria mara mbili. Mchwa walichukua sehemu yao. Mbuzi mmoja mwenye akili ya wakili alichukua yake. Iliyobaki ilisimama pale kama vijiti, mwaka baada ya mwaka, haiongezeki. Wageni wa kutoka Nairobi walikuja na futi ya kupimia wakasikitika. Niliwaambia garas hujenga nyumba yake kuanzia chini, na kama wana haraka waende wakapime mwarobaini. Wanawake wa Kotile hawakusikitika. Kila kiangazi walirudishia miiba, na maji yaliyooshewa vyombo yalikwenda pale.

Halafu, bila kumuaga mtu, zikapanda juu. Leo mnapeleka garas Wajir na Habaswein. Bwana Noor alipostaafu alidai wake, akaupanda mbele ya nyumba, na kila tukizungumza kwa simu ananishtaki kwamba nilimpa mfupi makusudi. Mnapokea simu za vitalu vingine vikiuliza tunaihifadhi vipi mbegu. Jibuni kwamba hatuihifadhi. Tunaikimbiza.

Wiki chache kabla ya kustaafu nilikwenda Kotile mara ya mwisho kama mfanyakazi. Eddo Saadia sasa haoni vizuri, tulimpandisha kwenye gari akakaa mbele. Mti uliokuwa wa nyumba yake umekuwa mpana, na ulikuwa umezaa. Mbuzi wamejaa chini yake, wamebanana, wanacheua. Kando yao alilala mchungaji mmoja, mwanamume mwenye ndevu kamili, watu wake wamehamia pale kutoka upande wa Wajir. Nilishuka nikaenda kutazama matunda. Akainuka ghafla.

"Mama, angalia mguu!"

Nikatazama chini. Mbele ya kiatu changu palikuwa na kiua kidogo cha miiba, kipya, na ndani yake kijiti chenye majani manne mazito. Garas. Hakukuwa na mfuko, hakukuwa na shimo la mtaimbo. Tunda lilikuwa limeanguka lenyewe, likaota lenyewe, na mtu huyu akalizungushia miiba.

"Hiyo ni mtoto ya huyu mkubwa," alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mgeni. "Mbuzi isikule."

"Na huyu mkubwa," nilimuuliza, "alipandwa na nani?"

Alicheka. "Garas nabandwa na mtu? Mama, wewe umetoka wabi? Garas hata babu ya baba yangu aliikuta hivi hivi."

Nyuma yangu nilimsikia Eddo Saadia garini akikohoa kikohozi kisicho cha ugonjwa. Nilimpungia mkono asiseme neno. Nilijaa furaha ambayo hakuna mtu aliyewahi kunipa kwa hotuba wala kwa cheti. Nikarudisha mguu nyuma polepole, nikamwomba yule mwanamume ruhusa nikae kidogo chini ya mti wake. Akasogeza mbuzi wawili, akanikaribisha.